Kemo na misuli: maswali ambayo akina mama wa Kigoma huniuliza kila wiki

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu iko hapa Kigoma mjini. Wagonjwa wangu wengi wa saratani ya titi kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, wanaifuata mbali, hospitali ya Bugando kule Mwanza au ya Ocean Road Dar es Salaam, halafu wanarudi nyumbani Ujiji, Mwandiga, Kasulu au Uvinza kusubiri dozi inayofuata. Misuli hupotea katika zile wiki mbili tatu za kusubiri, mgonjwa akiwa nyumbani kwake, amezungukwa na watu wanaompenda. Maswali yaliyoko hapa ni yale yanayonirudia. Jibu likiwa limeshatolewa kwenye swali jingine, nimetaja namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Mzani unasema kilo ni zilezile. Mbona nashindwa kuinuka kwenye kigoda?

Hili nilifundishwa na mama yangu mkubwa, wala si chuoni. Alianza kemo akiwa na kilo 68. Baada ya dozi ya tatu akapimwa kilo 70, nyumba nzima tukafurahi: mama hajakonda, dawa imempokea. Jioni moja nilimkuta uani kwake Ujiji amekaa kwenye kigoda, anachambua dagaa kwenye ungo, mawe upande huu, mchanga anaupepeta upande ule. Adhana ya magharibi ikaita, akataka kuinuka. Akajisukuma kwa mkono mmoja, akarudi chini. Akauweka ungo pembeni, akakamata magoti kwa mikono yote miwili, akarudi chini tena. Mara ya tatu akacheka, akaninyooshea mkono: "Hebu nivute, mwanangu. Miguu hii si yangu."

Mzani unapima jumla ya kila kitu: misuli, mafuta, maji, mifupa. Kwa saratani ya koo au tumbo mgonjwa hukonda waziwazi, kila mtu akaona. Kemo ya saratani ya titi ina ujanja wake. Wanawake wengi uzito wao unabaki palepale au unapanda, huku ndani misuli ikipungua na mafuta yakichukua nafasi yake. Uso unakuwa wa mviringo, tumbo linatoka, mapaja na mikono ya juu vinalegea. Anayekutazama atasema umenawiri. Kigoda ndicho kinachojua ukweli, na jinsi ya kujipima kwa kiti nimeeleza swali la 4.

2. Kinachokula misuli ni ugonjwa au ni dawa?

Vyote viwili, na vingine viwili juu yake.

Dawa nyekundu, ile doksorubisini ambayo wengi huanza nayo pamoja na saiklofosfamaidi, inaumiza vile vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu ndani ya chembe za misuli. Ndiyo sababu madaktari huangalia na moyo pia kabla na wakati wa dawa hii, maana moyo nao ni msuli. Halafu kuna deksamethasoni, ile sindano au vidonge vya kuzuia kutapika na mzio. Ni dawa nzuri na msiikatae, lakini ni ya jamii ya steroidi, na steroidi hupenda kudhoofisha misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili: mapaja, nyonga, mabega. Ndiyo maana tatizo huanza kwenye kuinuka na kuchana nywele kabla halijafika kwenye vidole.

Kingine ni tumbo. Kichefuchefu, vidonda mdomoni na ladha iliyobadilika hupunguza chakula, na kinachopungua kwanza huwa ni samaki, nyama na maharage, siyo chai na mkate. Kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi, kemo huweza kuisimamisha, na homoni zikishuka mwili unageukia kuweka mafuta.

Cha mwisho ni kitanda, na kwangu mimi hiki ndicho kibaya kuliko tunavyokidhania. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliripoti matokeo ya wazee 12 wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu. Hawakuwa na saratani wala dawa yoyote ya sumu, na bado walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Sasa mpe mtu kemo, halafu mlaze.

3. Ni udhaifu wa kupita tu au una uzito wowote kwenye tiba yenyewe?

Una uzito. Mwaka 2018 yalitoka matokeo kutoka Marekani ya wanawake 3,241 wenye saratani ya titi ambayo ilikuwa haijasambaa. Misuli yao ilipimwa kwenye picha za CT, zile za mashine inayoonyesha ndani ya mwili, zilizopigwa karibu na wakati wa kugundulika. Asilimia 34 walikuwa tayari na misuli michache, na hatari yao ya kufariki ilikuwa kubwa kwa asilimia 41 kuliko ya wenzao. Uzito wa kawaida wa mzani haukuweza kuwatenganisha.

Wenye misuli michache pia ndio mara nyingi wanaopata madhara makali ya dawa, na madhara yakizidi daktari huahirisha dozi au kuipunguza. Mama aliyesafiri kutoka Buhigwe hadi Mwanza akaambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu mwili haujawa tayari anajua hasara yake, nauli na mengine. Upande wa pili wa habari hii unatia moyo: utafiti wa Kanada uliochapishwa 2007 kwa wanawake 242 waliokuwa kwenye kemo ya titi ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya kubeba vyuma waliongeza nguvu na misuli, na walipata karibu asilimia 90 ya dozi waliyopangiwa, wakati wale ambao hawakupewa mazoezi walipata asilimia 84.

4. Nitajuaje kama yangu imepungua, bila mashine?

Chukua kiti cha kawaida cha kulia chakula, kisicho na mikono, kikiwa kimeegemea ukuta. Kunja mikono kifuani. Inuka usimame wima, kaa, mara tano mfululizo, mtu akihesabu sekunde kwenye simu. Ukivuka sekunde 15, au ukashindwa bila kujishika, miguu yako imeishiwa nguvu kiasi cha kuhitaji msaada. Andika tarehe na sekunde nyuma ya kadi yako ya kliniki. Fanya hivyo siku moja kabla ya kila dozi, na kadi uipeleke kwa daktari: "mwezi uliopita 12, sasa 17" inaeleweka haraka kuliko "nachokachoka".

Dalili nyingine za nyumbani: kufuli au kifuniko cha chupa kinakushinda, unachoka kunyanyua mkono kujifunga kilemba, unaanza kushika ukuta ukitoka bafuni, na gauni linabana tumboni lakini linapwaya mabegani.

## Chakula

5. Nile nini, na kiasi gani?

Kinachojenga misuli ni protini. Mgonjwa wa saratani anashauriwa kupata gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, mradi figo zake ni nzima (tazama swali la 18). Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni kama gramu 72 hadi 90.

Gramu hazionekani kwenye sahani, kwa hiyo tuhesabu kwa chakula cha hapa. Asubuhi mayai mawili yaliyoiva ni gramu 12, na kikombe cha maziwa yaliyochemshwa ni 8. Mchana, dagaa wakavu gramu 30, yaani konzi moja iliyojaa, wana karibu 16, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15. Saa kumi jioni, karanga kiganja kimoja, 7. Usiku, kipande cha mgebuka au kuhe chenye ukubwa wa kiganja bila vidole, 20. Jumla 78, na hatujanunua kitu chochote cha duka la dawa.

Dagaa wa Kigoma akikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Watu wa Dar wanamlipia nauli afike kwao. Sisi tunaye mlangoni, halafu mgonjwa tunampikia uji mtupu. Akishindwa kutafuna, kaanga dagaa bila mafuta mengi, twanga au saga uwe unga, weka vijiko viwili kwenye uji au kwenye mchuzi wa maharage. Waoshe vizuri kwanza kuondoa mchanga.

Tena gawanya. Mwili hautunzi protini ya ziada kwa ajili ya kesho. Kula kidogo mara tano kunasaidia kuliko sahani moja kubwa ya usiku ambayo nusu yake utaiacha.

6. Ugali wa muhogo na mawese vina nguvu. Havitoshi?

Vinashibisha. Ila unga wa muhogo karibu wote ni wanga, protini yake ni kiduchu, chini sana ya unga wa dona. Mawese yana mafuta na vitamini A, protini hayana kabisa. Anayekula ugali wa muhogo na mboga ya majani iliyoungwa mawese mara tatu kwa siku atashiba na atanenepa, na misuli yake itaendelea kwisha. Usiache ugali wako, upunguze uwe nusu ya sahani, nusu nyingine iwe samaki au maharage ya Kasulu. Mawese yatumie kuongeza nguvu kwenye chakula cha mtu anayekula kidogo, hapo ndipo kazi yake.

7. Mbona nakunywa supu kila siku na hakuna kitu?

Kwa sababu unakunywa maji yaliyopita juu ya nyama. Protini imebaki kwenye mnofu ambao wanakula watoto. Supu inafaa kwa maji na chumvi, hasa ukiwa umetapika, lakini kula na nyama yake.

8. Chakula hakipandi. Kila kitu kina ladha ya chuma.

Siku nne tano za kwanza baada ya dripu usijilazimishe kupigana na sahani kubwa. Tumia vitu vya baridi au vuguvugu visivyonukia: mtindi, maziwa yaliyochemshwa yakapoa, yai la kuchemsha, uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa. Kijiko cha chuma kikikukera, tumia cha mbao au cha plastiki. Ndimu na tangawizi husaidia wengi, ila kama una vidonda mdomoni ndimu iache. Jiko la kukaangia samaki lihamishiwe mbali na chumba cha mgonjwa, harufu pekee inatosha kumfunga mtu tumbo.

Dawa za kuzuia kutapika meza kwa saa ulizoandikiwa, hata kama kichefuchefu hakijaanza. Wengi husubiri mpaka watapike, na hapo kidonge nacho kinatoka.

9. Nimeambiwa nyama, maziwa na soya vinailisha saratani. Ni kweli?

Hapana. Mgonjwa aliyekatazwa nyama, maziwa, mayai na samaki kwa pamoja ndiye ninayemkuta hawezi kusimama. Soya ya kawaida ya chakula, kama ile ya kwenye unga wa lishe, haina shida kwa saratani ya titi. Karanga zenye ukungu au uchungu ndizo za kutupa, kwa mgonjwa na kwa asiye mgonjwa.

10. Kuna vidonge vya kuongeza mwili vinauzwa. Nivitumie?

Usivitumie. Vidonge vingi vya "kunenepa" vinavyopita mkono kwa mkono ni steroidi, mara nyingi deksamethasoni ileile ya swali la 2, au dawa ya mzio inayoongeza njaa. Vitakujaza mashavu na maji, na chini yake vitaendelea kukomba mapaja. Tayari unapewa steroidi kwa kipimo hospitali. Ukiongeza za mtaani, sukari inapanda na kinga inashuka zaidi.

Dawa za mitishamba sitaki kuzizungumzia kwa dharau, bibi yangu alikuwa mjuzi wa miti. Ila baadhi zinachezea ini, na ini ndilo linalochakata kemo yako. Lolote unalokunywa, mtajie daktari kwa jina, hata kama anakunja uso.

## Kutembea, kufanya kazi, kufanya mazoezi

11. Watoto wananikataza hata kufagia. Wanasema nipumzike.

Wanakupenda, na wanakosea. Nami nilikosea hivyohivyo: mama mkubwa alipoanza dozi niliagiza asiguse kazi, nikamtafutia binti wa kumsaidia, nikamnunulia godoro nene. Ndani ya wiki tisa tulifika kwenye kile kigoda. Cheti cha fiziotherapia kikiwa ukutani kwangu.

Uchovu wa kemo hauishi kwa kulala kama uchovu wa kulima. Ukilala mchana kutwa, kesho yake unaamka umechoka zaidi, kwa sababu misuli iliyopungua inafanya kila hatua iwe kazi nzito. Wagawie watoto kazi za hatari na za kuchosha sana: kuchota maji kisimani, kupasua kuni, kufua mablanketi. Wewe baki na kufagia, kuosha vyombo ukiwa umesimama, kwenda gengeni mwenyewe. Kulala mchana kusizidi nusu saa au saa moja.

12. Nifanye mazoezi gani, na mimi sina mashine wala sijawahi kukimbia?

Hakuna anayekudai ukimbie. Yako mambo mawili: kutembea, na kuusukuma mwili dhidi ya uzito. Hilo la pili ndilo linalolinda misuli, na ndilo watu hulisahau.

Kutembea, lenga nusu saa mara tatu kwa wiki. Inaweza kuwa dakika kumi kumi. Mwendo uwe wa kuweza kuongea bila kuweza kuimba. Wa Kigoma mjini mna milima ya bure, lakini kupanda kutoka stesheni kwenda Mwanga kuache kwa wiki unazojisikia vizuri.

Mazoezi ya nguvu, mara mbili au tatu kwa wiki, siku zisizofuatana:

Inuka na ukae kwenye kiti, mara nane. Mwanzoni jishike, baadaye kunja mikono. Siri yake ni kukaa polepole, hesabu mpaka nne ukishuka, usijibwage. Pumzika, rudia seti ya pili.

Simama mbele ya ukuta, viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko uusogelee ukuta, jisukume urudi. Mara nane. Kama umefanyiwa upasuaji majuzi, soma kwanza swali la 13.

Shika meza, simama kwa ncha za vidole vya miguu, shuka taratibu. Mara kumi.

Chupa mbili za maji za nusu lita, moja kila mkono, zinyanyue kutoka mapajani hadi mabegani. Ukiweza mara kumi na mbili bila kuchoka, hamia chupa za lita moja. Hapo ndipo watu wengi hukwama: wanabaki na chupa ileile miezi mitatu. Msuli haukui kwa kitu ulichokwisha kukizoea.

13. Nimeondolewa titi na tezi za kwapani. Niliambiwa nisibebe kitu maisha yangu yote.

Ushauri huo ulikuwa wa kawaida zamani, kwa hofu ya mkono kuvimba. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa *tayari* imevimba uliwapa nusu yao mazoezi ya kunyanyua vyuma, wakianza na vyepesi na kupanda kidogo kidogo. Mikono haikuvimba zaidi, na waliopatwa na hali ya kuzidiwa walikuwa asilimia 14, wakati kwa wenzao wasionyanyua walikuwa asilimia 29. Mkono uliofichwa kwenye kanga miaka miwili unadhoofika, halafu siku moja unalazimika kumbeba mjukuu: hapo ndipo unapoumia.

Kwa hiyo beba, ila kwa ngazi. Wiki sita za kwanza baada ya upasuaji fuata mazoezi ya bega uliyoonyeshwa, bila uzito. Baada ya hapo, daktari akiridhika na kidonda, anza na chupa ya nusu lita. Ndoo ya lita 20 kichwani ni ya mwishoni kabisa, na hata hapo igawe mara mbili. Mkono ukianza kuwa mzito, pete ikabana, au ngozi ikaacha alama ukibonyeza, punguza uzito na uje tuuone. Ukiwa mwekundu, wa moto na unauma, hiyo ni maambukizi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

14. Dozi yangu ni kila siku 21. Mazoezi yaingie wapi?

Kila mtu ana kalenda yake, lakini kwa wengi siku ya pili hadi ya tano ni mbaya. Siku hizo kutembea uani na kuinuka kwenye kiti mara chache kunatosha, lengo ni usilale kutwa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga yako, zinakuwa chini: fanya mazoezi nyumbani, epuka mnadani, msibani na kwenye daladala zilizojaa. Wiki ya tatu ndiyo ya kupandisha. Mama mmoja wa Uvinza aliichora kalenda hiyo ukutani kwa mkaa, na mume wake ndiye aliyekuwa mkali kuliko mimi.

15. Ni wakati gani nisifanye kabisa?

Ukiwa na homa. Ukiwa unatapika au kuharisha mfululizo, maana madini ya mwilini yakishuka miguu inaweza kuisha nguvu ghafla. Kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS, na usipopata nafuu siku hiyo nenda kituoni. Kifua kikiuma, mapigo yakienda ovyo, ukikosa pumzi ukilala chali au miguu yote miwili ikivimba, hilo ni suala la moyo na daktari aambiwe leo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda ni damu iliyoganda: usiukande. Na ukiambiwa damu yako iko chini sana, subiri maelekezo kwanza.

## Hali za pekee

16. Nimehamishiwa dawa nyingine, sasa misuli inauma na miguu ina ganzi. Ndiyo inaisha?

Hiyo huenda ni paklitakseli. Maumivu ya misuli na viungo huanza siku moja hadi tatu baada ya dripu na hupoa ndani ya wiki. Yanaumiza lakini si misuli kuisha. Ganzi ya nyayo na vidole ni mishipa ya fahamu, nayo ni habari tofauti: mwambie daktari kila dozi, hasa ukianza kushindwa vifungo vya blauzi au kandambili ikikuvuka bila wewe kujua. Vaa viatu vya kufunga hata ndani, maji ya kuoga yapimwe na mtu mwingine, usikae karibu na jiko la mkaa. Mazoezi fanya ukiwa umeshika kitu.

17. Mwili umelegea ghafla na una joto. Si malaria tu?

Inaweza kuwa malaria, hapa kwetu ipo mwaka mzima. Lakini mtu aliye kwenye kemo akifika nyuzi 38 ni dharura, kwa sababu kinga yake huenda imeanguka, na maambukizi ya kawaida yanaweza kumuua kwa siku moja. Usinunue dawa ya malaria dukani ukasubiri. Nenda hospitali usiku huohuo, onyesha kadi ya kemo, waambie tarehe ya dozi ya mwisho, na damu ipimwe yote, siyo malaria peke yake. Kipimajoto cha nyumbani ni kitu cha kununua kabla ya kitu kingine chochote nilichokitaja hapa.

18. Nina kisukari, au VVU, au figo mbovu.

Kisukari: deksamethasoni hupandisha sukari siku za dozi, pima mara nyingi zaidi, na usijinyime chakula kwa hofu, punguza wanga, ongeza samaki. Mazoezi ya swali la 12 hushusha sukari. VVU: endelea na dawa zako bila kuruka hata siku moja, na daktari wa saratani azijue. Figo: kile kiasi cha protini cha swali la 5 hakikuhusu mpaka daktari akupangie chako.

19. Safari ya Mwanza au Dar inanimaliza kuliko dawa yenyewe.

Naamini. Treni ya hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na basi la Mwanza ni kukaa siku nzima magoti yakiwa kifuani. Omba siti ya pembeni ya njia. Kila nusu saa kandamiza visigino na kunyanyua vidole vya miguu mara ishirini. Kila basi likisimama, shuka usimame. Beba mayai ya kuchemsha, karanga na maji, usitegemee chipsi za stendi. Kama kuna ndugu wa kufikia mjini, kufika siku moja kabla ya dozi kunafaa kuliko kushuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja kwenye dripu.

20. Ramadhani inaingia katikati ya dozi. Nifunge?

Ujiji naulizwa hili kila mwaka. Mgonjwa ameruhusiwa na dini yenyewe kutofunga, na masheikh wetu hulisema waziwazi. Kukaa mchana kutwa bila maji wakati wa kemo kunaumiza figo na kupunguza chakula ambacho tayari ni kidogo. Kama moyo haukubali, zungumza na daktari na sheikh wote wawili kabla ya mwezi kuandama.

21. Mama yangu ana miaka 72. Mazoezi si yatamvunja?

Kwa umri huo misuli ilishaanza kupungua kabla ya saratani, kwa hiyo yeye anayahitaji zaidi kuliko wewe. Aanze na kuinuka kitandani akiwa amekaa ukingoni, mara tano asubuhi na jioni, mtu akiwa pembeni. Vibao na mikeka inayoteleza viondolewe njiani.

22. Ugonjwa umefika kwenye mifupa.

Usianze kitu bila kuonwa. Kunyanyua, kujipinda na kuruka kunaweza kuvunja mfupa ulioliwa. Yapo mazoezi salama, lakini hupangwa kwa kuangalia picha. Mgongo ukiuma vikali halafu miguu ikafa ganzi, au mkojo ukakataa au ukatoka wenyewe, usisubiri asubuhi: uti wa mgongo unabanwa.

23. Mume wangu ndiye mwenye saratani ya titi. Haya yanamhusu?

Yote, isipokuwa habari ya hedhi. Wanaume ni wachache lakini wapo, na huchelewa kuja kwa sababu ya aibu.

24. Kemo imeisha. Nguvu zinarudi lini, na lini nitarudi kwenye kazi ya dagaa?

Hesabu miezi, siyo wiki. Wengi huanza kuona tofauti mwezi wa pili au wa tatu, na wengine huchukua mwaka. Misuli hairudi yenyewe kwa kuwa dawa imesimama. Inarudi kwa chakula cha swali la 5 na kazi ya swali la 12, ikiendelea. Ukipewa vidonge vya homoni kama anastrozoli au letrozoli, viungo vinaweza kukakamaa asubuhi. Hapo wengi huacha kutembea, wakati kutembea ndiko kunakolegeza.

Kwa wale wanaoanika dagaa Kibirizi na Katonga: rudi kwanza kwenye kugeuza dagaa juu ya kichanja, umesimama, asubuhi tu kabla jua halijakali. Kuinama mchangani kutwa na kubeba magunia viache mpaka uinuke kwenye kiti mara tano chini ya sekunde 12, wiki tatu mfululizo. Mama mkubwa ilimchukua miezi minane. Sasa anainuka kigodani na ungo wake mkononi, ila gunia bado anambebea kijana wa mkokoteni, na bei wanagombana kila siku.